Jumapili za Hekalu la Mbuzi

Gradi alipopiga simu Jumapili ile, mama yake alikuwa anapiga pasi nguo ya kwendea kanisani. Kwake Yeoville, Johannesburg, ilikuwa saa tatu asubuhi. Kule Chengdu, mji wa China ambako Gradi alikuwa anasomea ujenzi wa madaraja, ilikuwa saa tisa alasiri. Simu ya Jumapili ilikuwa desturi yao. Ila leo msichana alikuwa ananong'ona, tena anahema kama mtu aliyetoka mbio.

"Mama, niambie haraka. Mtu akisema 'Hujambo, binti', mimi najibu nini?"

Alisema yote kwa Kiingereza, isipokuwa hayo maneno mawili. Hélène akaisimamisha pasi.

"Unajibu 'sijambo'. Nani anakuambia 'hujambo' huko China?"

"Mzee mmoja. Mchina. Yuko hapa nyuma yangu, anangoja."

"Nipe huyo muzee."

Picha ikayumba kwenye simu: paa lenye pembe zilizopinda juu, moshi wa ubani, watu wengi, kisha uso mwembamba wa mzee aliyevaa kofia ya sufi. Akaikaribia mno kamera ya simu, hata Hélène akaona pua tu.

"Hujambo, ndugu! Mimi naitwa Luo. Habali za kazi?"

Hélène akajikuta amekaa kitandani juu ya nguo zilizokwisha kupigwa pasi. "Sijambo, muzee," akasema. "Kazi ni nzuri. Na weye?"

Mzee akaivua kofia. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayeonja kitu alichokisahau: "Nzuli. Nzuli sana. Asante, ndugu. Asante sana." Akairudisha simu kwa Gradi na kugeuka pembeni akijifuta macho kwa kofia.

Hélène alikuwa fundi cherehani. Alizaliwa Uvira, mashariki ya Kongo, na alifika Johannesburg na mumewe Gaston wakikimbia vita, Gradi akiwa bado tumboni. Gaston alifanya kazi ya sekyuriti kwenye lango la nyumba za kupanga, akafa kwa ugonjwa wa figo mwaka ambao Gradi alikuwa anamaliza sekondari. Wakabaki wawili, katika vyumba viwili nyuma ya mtaa wa Rockey, na cherehani kati yao. Kisha Gradi akapata ufadhili wa masomo, akaondoka. Hélène hakuweza kumfuata hata kwa matembezi. Karatasi zake za ukimbizi zilimruhusu kukaa, si kwenda na kurudi.

Katika miaka yote ile mama alimsemesha mtoto Kiswahili, na mtoto alimjibu Kiingereza. Akikasirika, alijibu Kizulu. Ndivyo walivyokuwa watoto wa Yeoville. Hélène alikwisha kuzoea, kama mtu anavyozoea mlango usiofunga vizuri.

Jioni ile Gradi akamweleza vizuri. Wenzake chuoni walikuwa wamemwambia asikae Chengdu bila kuliona hekalu la zamani la Watao, waumini wa dini ya kale ya China, lile wanaloliita la Mbuzi wa Kijani, ambamo watu wamekuwa wakifukiza ubani kwa zaidi ya miaka elfu. Mbele ya ukumbi mkubwa pana mbuzi wawili wa shaba. Anayeumwa mahali hupapasa mahali hapo hapo kwenye mwili wa mbuzi, na kwa mikono ya watu wote hao shaba imekuwa laini na inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Gradi alikuwa na kichwa kilichochoshwa na mitihani. Akapapasa paji la mbuzi kwa mzaha tu. Ndipo sauti ikasema nyuma yake: "Hujambo, binti. Kichwa kinauma?"

"Nilielewa kila neno, Mama," Gradi alisema. "Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu."

Mzee Luo alikuwa kijana mtoboaji wa miamba alipopelekwa Tanzania, enzi za kujengwa kwa reli ya kwenda Zambia. Alifanya kazi baina ya Mlimba na Makambako, kule milimani ambako reli hupita kwenye mahandaki na madaraja marefu. Kiswahili alifundishwa na vibarua wa Kitanzania aliokuwa akila nao. Mkataba ulipokwisha akarudi Chengdu na wenzake kadhaa, na wale wenzake hawakutaka kile Kiswahili kipotee. Wakawa wanakutana kila Jumapili kwenye bustani ya chai iliyo ndani ya hekalu, wakikaa kwenye viti vya mianzi, wakiteta kuhusu wake zao na mabosi wao kwa lugha ambayo hakuna mwingine pale aliyeijua. Waliitana ndugu. Miaka ikaenda, viti vikapungua. Wa mwisho, aliyeitwa Peng, alizikwa majira ya baridi mawili yaliyopita.

"Sasa anakuja peke yake," Gradi alisema. "Anasema huwa anaongea na mbuzi."

"Na mbuzi anajibu?"

"Nilimwuliza. Amesema mbuzi ni Mchina, hajui."

Hélène akacheka. Lakini alipozima taa alikaa macho muda mrefu, akiwaza juu ya lugha iliyobaki na mtu mmoja tu katika mji wa mamilioni.

Wiki ile alimsimulia Nyambura, Mkenya mfanyakazi wa benki aliyekaa mtaa wa jirani wa Observatory, aliyekuja kupimwa gauni. Nyambura alikuwa amesimama juu ya stuli, pini zimemzunguka kiunoni.

"Anaitwa nani? Luo?" Nyambura akaangua kicheko. "Yaani Wajaluo wamefika mpaka China! Nilijua tu."

"Usitingishike, nitakuchoma."

"Lakini Mama Gradi, una bahati. Mimi mwanangu Chege nikimwongelesha Kiswahili ananitazama kama redio iliyoharibika. Wewe wako amepata mwalimu wa bure."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumapili, kabla ya kanisa, simu ya Hélène iliegemezwa kwenye cherehani, na ya Gradi ikaegemezwa kwenye chupa ya maji ya moto kule bustanini. Hélène aliona vikombe vyenye vifuniko, majani ya chai yakielea, watawa wakipita na nywele zimefungwa fundo utosini. Mwanzoni alihofu. Yeye ni mtu wa kanisa. Hekalu la sanamu si mahali pa mtoto aliyebatizwa.

"Gradi, usiiname mbele ya kitu chochote huko."

"Siinami, Mama. Nakunywa chai."

"Mimi mwenyewe si mtu wa dini," Mzee Luo akaingilia. "Mimi nafuata chai, ndugu. Chai ya hapa ni nzuli."

Alipenda kuulizia mambo madogo. Mvua imenyesha? Mahindi bei gani? Watu wa huko wanaamkaje? Hélène akimjibu, alifumba macho kusikiliza. Siku moja aliwasimulia habari ya hekalu lenyewe. Zamani sana, mwalimu Laozi alichoka na watu akaamua kuondoka, aende zake magharibi. Alipofika kwenye lango la mpakani, mlinzi wa lango akamzuia, akamwomba asiondoke na maarifa yake yote. Laozi akamfundisha, akamwambia: sasa baki, ujifunze kwa siku elfu moja, ukimaliza, nitafute Chengdu, kwenye soko la mbuzi wa kijani.

"Akaenda?" Hélène akauliza.

"Alikwenda."

"Akamkuta?"

"Alimkuta, ndugu. Ndiyo maana hekalu liko hapa."

"Mlinzi wa lango," Hélène akasema. "Alikuwa sekyuriti, kama Gaston."

"Papa angengoja hizo siku elfu," Gradi akasema, na alisema kwa Kiswahili. Sentensi nzima. Hakuna kati yao aliyelitaja jambo hilo, lakini Hélène alikwenda kanisani siku ile kwa hatua nyepesi, na alipofika kwenye robot, zile taa za barabarani za kona, akavuka bila kuzitazama, dereva mmoja akamtukana.

Kiswahili cha Gradi kilikua haraka, kama mmea uliokuwa tayari na mizizi. Mwezi wa pili alisimulia safari ya basi. Mwezi wa tatu alitania. Ila kilikua na sura ambayo Hélène hakuitambua. Jumapili moja simu ilifunguka, na kabla ya yote binti akasema, "Shikamoo, Mama."

Hélène akashtuka. "Nini?"

"Shikamoo. Unajibu 'marahaba'."

"Niko najua wanajibu nini. Lakini sisi kule Uvira hatusemi hivyo. Sisi tunasema 'jambo, Mama'. Basi."

"Mzee anasema ni heshima."

"Kwao ni heshima."

Likapita. Lakini liliacha kitu kidogo kifuani, kama uzi uliobaki ndani ya nguo ambao mvaaji anausikia na haoni ulipo. Akaanza kusikia mengine. Gradi alisema "ndugu" kama watu wa zamani kwenye redio. Alicheka mapema kabla Mzee hajamaliza mzaha, kwa kuwa walikuwa na mizaha yao ambayo Hélène hakuwepo ilipozaliwa. Wakati mwingine wale wawili waliongea dakika kadhaa, yeye anatazama tu, sindano mkononi.

Kisha ikafika Jumapili ya kukatwa simu. Hélène alikuwa anawaeleza kwamba umeme umekatika tangu usiku. "Niko nakula mkate mukavu," akasema.

"Ninakula," Gradi akasema.

"Weye pia uko nakula?"

"Hapana, Mama. Sema 'ninakula'. 'Niko nakula' si sahihi. Na ni 'mkavu', si 'mukavu'. Mzee alinieleza."

Mzee Luo, pembeni, alianza kusema jambo kwa haraka huku akipunga mkono, lakini Hélène hakusikia. Alikuwa amemtazama binti yake kwenye kioo kile kidogo. Akakumbuka miaka ya kumbeba mgongoni akishona, akimwimbia, akimwambia hii sindano, hii kitambaa, huyu ndege. Miaka ishirini ya kumwaga maji mchangani. Na sasa yale maji yamechimbuka kwenye uwanja wa mtu mwingine, na yeye anaambiwa ni machafu.

"Nikubebe mimi," akasema, "halafu Mchina anifundishe kusema na mutoto wangu?"

Akakata simu.

Simu ya Jumapili iliyofuata haikujibiwa. Na nyingine pia. Iliita juu ya cherehani ikisogea kidogo kidogo kwa mtetemo, yeye akiitazama kana kwamba ni mdudu. Kanisani aliimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Nyambura alipokuja kuchukua gauni jingine na kuuliza habari za Mjaluo wa China, Hélène alimjibu kwamba hajui, na Nyambura, ambaye hakuwa mjinga, akajitazama kwenye kioo na kusifu mshono.

Katikati ya wiki ukaja ujumbe wa sauti. Ulikuwa mrefu. Hélène aliusikiliza amesimama mlangoni, wateja wa saluni ya jirani wakipita na nywele nusu zimesukwa.

"Mama," ulianza, kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Usizime. Mzee amenigombeza. Amesema mimi nina adabu mbaya. Amesema Kiswahili cha mama ni cha kwanza, chake yeye ni cha kuokota. Anasema pole. Mimi pia nasema pole. Lakini nataka kukuambia kitu. Unakumbuka teksi? Nilikuwa mdogo. Tulikuwa tunatoka mjini. Niliona mbwa amevaa sweta, nikataka kukuonyesha. Nikasema, 'Mama, angalia.' Ukaniziba mdomo na mkono. Kwa nguvu. Mkono ulinuka sabuni. Watu walitugeukia, weye ukaangalia chini. Nyumbani ukaniambia nisiongee hivyo nje, nisiongee kabisa. Mama, mimi sikukataa Kiswahili. Kila kikitaka kutoka nilikuwa nasikia ule mkono. Hapa China hakuna mkono. Ni hivyo tu. Si kwamba nampenda Mzee kuliko weye."

Hélène akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba cha kushonea mchana kweupe.

Aliikumbuka teksi, lile basi dogo la abiria. Ilikuwa wiki ile ambayo maduka ya wageni yalikuwa yanachomwa, watu wanasimamishwa barabarani na kuulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, na asiyejua anapigwa. Yeye alikuwa amelijua lile neno kwa kulirudia usiku kucha, Gaston akimsahihisha. Alipanda teksi ile kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kufika nyumbani. Alikaa katikati ya watu, mtoto mapajani, akiomba Mungu ndani kwa ndani kwa Kiswahili, na ndipo ile sauti ndogo ikasema, wazi kama kengele: Mama, angalia. Hakukumbuka kwamba kulikuwa na mbwa. Hakujua kuwa kulikuwa na kitu cha kuangalia.

Akabonyeza kitufe cha kurekodi, akaachia. Akabonyeza tena.

"Ulikuwa na miaka sita," akasema. "Nilitaka ufike saba."

Akautuma.

Jibu lilikuja baada ya dakika chache, nalo lilikuwa fupi zaidi. Gradi alikuwa analia, na katikati ya kulia alisema, "Jambo, Mama."

Baada ya hapo simu za Jumapili zilirudi, lakini Mzee Luo alikuwamo mara chache. Majira ya baridi ya Chengdu yalimkuta vibaya. Aliteleza bafuni, akavunjika nyonga, akalazwa. Gradi alimtembelea hospitalini na chupa ya supu. Huku Johannesburg kulikuwa kiangazi cha mvua, ngurumo za alasiri zikitikisa mabati ya Yeoville. Hélène, kila alipomaliza kushona, alijikuta anasema peke yake: leo mvua imenyesha, muzee, mvua ya mawe, imevunja kioo cha gari la watu. Kisha anakumbuka kwamba hakuna anayemsikiliza.

Ikaja habari kwamba Mzee ana mtoto wa kiume Shenzhen, mbali kusini, na kwamba mtoto huyo anakuja kumchukua akaishi naye. Mzee hakutaka. Hakuulizwa. Aliomba jambo moja tu: kabla ya kuondoka apelekwe hekaluni, na ndugu wa Johannesburg awepo.

Jumapili hiyo Hélène aliamka mapema, akavaa nguo ya kanisani kabisa ili asichelewe. Picha ilipofunguka ilikuwa safi, jua la machipuko limejaa. Gradi alikuwa anasukuma kiti cha magurudumu kwa mkono mmoja, simu kwa mwingine. Mzee alikuwa amepungua hata kofia ilimwangukia machoni.

"Hujambo, Mama Gladi," akasema. "Leo nakutembeza. Wewe ni mgeni wangu."

Wakapita lango. Gradi alikuwa anaeleza, kwa Kiswahili ambacho sasa kilikuwa na "niko na" ya Uvira na "ndugu" ya Makambako mle mle, na Hélène aliacha kuzitenga. Hili ndilo birika la ubani, Mama, angalia moshi. Hii nyumba ya pembe nane, angalia nguzo, kila nguzo imezungukwa na joka la mawe. Vijana wawili wasiojulikana walinyanyua kiti cha Mzee kwenye ngazi bila kuombwa, wakamweka mbele ya ukumbi mkubwa, wakaenda zao.

Wakafika kwa mbuzi. Mmoja alikuwa wa kawaida. Mwingine alikuwa na pembe moja tu na mwili wa ajabu. Mzee alisema ameundwa kwa viungo vya wanyama kumi na wawili wa kalenda yao, masikio ya panya, mgongo wa sungura, mkia wa nyoka. Hélène akasema kwamba Mungu hangeumba kitu kama hicho hata akiwa na haraka. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akanyoosha mkono akapapasa shingo ya mbuzi, juu na chini, muda mrefu.

"Si nyonga?" Gradi akamwuliza. "Nyonga ndiyo inauma."

"Nyonga imekwisha," Mzee akasema. "Koo. Naomba koo. Maneno yasikauke."

Watu walikuwa wanangoja zamu nyuma yao. Gradi akakigeuza kioo kumwelekea mama. "Na weye, Mama? Nikupapasie wapi?"

"Usinipapasie popote. Yesu ananitosha."

"Mama. Unaumwa wapi?"

Hélène alitaka kusema mgongo. Mgongo wa fundi huuma daima. Lakini alikuwa anautazama ule uso, ambao kwa mwaka na nusu ulikuwa haujazidi ukubwa wa kiganja, ambao hakuweza kuushika kidevu wala kuufuta jasho, na neno jingine likamtoka.

"Mikono," akasema. "Mikono ndiyo inaniuma. Na mbuzi hana mikono."

Gradi aliinama, na picha ikaonyesha shaba tu, na vidole vyake vikipita polepole juu ya miguu ya mbele ya mbuzi, wa kushoto, kisha wa kulia, mpaka mwanamke mmoja nyuma akaguna.

Karibu na bustani kulikuwa na ukuta wenye maandishi makubwa ya baraka. Watu walisimama mbali, wakafumba macho, wakauendea mkono ukiwa mbele; atakayegusa neno lenyewe atapata bahati yake. Gradi alifumba macho, akaenda, akakosa kabisa, akagonga mti. Mzee akapiga makofi. Mwishowe wakakaa kwenye viti vya mianzi. Chai ikaja. Mzee alikuwa amechoka sana; aliacha kikombe chake bila kukifunua.

"Ndugu," akamwambia Hélène. "Kule kwa mwanangu hakuna mtu. Ongea. Mimi nasikiliza tu."

"Niongee nini, muzee?"

"Chochote. Kwenu. Sijui kwenu. Wewe huulizwi."

Ni kweli, hakuulizwa. Yeoville kila mtu ametoka mahali, na kila mtu anajua kwamba kuuliza ni kufungua kidonda. Hata kwa Gradi, Hélène hakuwahi kuisimulia Uvira. Angemwambia nini mtoto kuhusu mahali ambapo hatampeleka? Kila alipoanza kuiwaza, vita vilikuwa vimerudi tena, na nyumba ya wazazi wake ilikuwa inakaliwa na watu asiowajua. Akatazama saa. Kanisani walikuwa wanaanza.

"Bon, sawa," akasema. "Kwetu kuna mto unaitwa Kalimabenge. Unatoka mulimani, unapita katikati ya muji. Siku nyingi ni mto mudogo, watoto wanafulia ndani yake. Lakini mvua ikinyesha kule juu, unashuka kama lori lisilo na breki. Sasa, shangazi yangu, Agnès, aliolewa wakati wa mvua."

Akaeleza. Jinsi bwana harusi alivyokuwa fundi mwashi, mrefu, masikini, mwenye sauti nzuri. Jinsi bibi harusi alivyopambwa ng'ambo ya huku, kwa bibi yake, na kanisa likiwa ng'ambo ya kule. Jinsi mvua ilivyopiga usiku, na asubuhi daraja halikuwapo. Limekwenda ziwani, mto unakoishia, na mbao zake zote. Watu wa harusi wakasimama huku, watu wa harusi wakasimama kule, keki imefunikwa kwa turubai, na katikati maji ya rangi ya matofali yanabeba magogo. Mama yake Hélène, aliyekuwa msimamizi wa bibi harusi, alivua viatu akavitupa akisema haolewi mtu leo. Lakini pasta alikuwa ng'ambo ya kule, na pasta huyo alikuwa na kipaza sauti cha betri.

Hélène alisahau kuongea polepole. Kiswahili chake kikarudi kilikotoka, na mikono yake ikawa inachora mto hewani mbele ya cherehani. Alisikia harufu ya samaki wa kukaanga wa soko la Mulongwe, akasikia mama yake akigomba. Hakujua kwamba vitu hivyo vyote vilikuwa bado vimo, tena vizima, kama nguo zilizokunjwa vizuri.

"Akamwita kwa kile kipaza sauti, 'Agnès, unamukubali Sylvestre?' Na shangazi akapiga kelele..." Kule Chengdu, kichwa cha Mzee kilikuwa kimeegemea mgongo wa kiti, mdomo wazi kidogo, jua usoni.

"Amelala?" Hélène akauliza kwa sauti ndogo.

Gradi alimwinamia, akasikiliza, akamfunika mapaja kwa koti lake. "Amelala. Anakoroma."

"Pole yake. Safari ya kesho ni ndefu." Hélène akajinyoosha. Kutoka ukumbi wa kanisa, mtaa wa pili, ngoma zilikuwa zimekwisha kuanza. "Basi nikate, niende."

"Hapana."

Gradi alikuwa amekivuta kiti karibu. Uso wake ulijaa kioo chote, macho makubwa kama alipokuwa mdogo, akijiuma mdomo.

"Mama, lile daraja lilikuwa la mbao tupu? Halikuwa na nguzo za zege?"

"La mbao. Wapi zege."

"Basi shangazi alivuka namna gani?"

Hélène akavua viatu vya kanisani, akavisukuma chini ya cherehani.

"Siku ile hakuvuka," akasema. "Ngoja nikuelezee."